Kompyuta ya Mweka Hazina

Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema hivyo wakati akiba ilipokuwa mtama ghalani, maharage mtungini, na shilingi chache zilizofungwa katika pindo la kanga. Siku hizi akiba ya watu wengi imo ndani ya kitu kidogo wasichopata kukiona kwa macho yao, na kitu hicho huoza.

Jambo hili lilimfika mke wa sajini mmoja wa jeshi, katika kambi iliyo mashariki mwa Uganda, mwishoni mwa mwaka 2025. Mumewe alikuwa Somalia na kikosi chake, katika kazi ya Umoja wa Afrika ambayo jeshi la Uganda liliianza mwaka 2007. Mama huyo alibaki na watoto wanne, bustani ya sukuma wiki, na heshima aliyopewa na wenzake: alikuwa mweka hazina wa chama cha akiba cha wake wa askari.

Wanachama walikuwa 32. Kila Jumamosi walikutana chini ya mwembe, kila mmoja akatoa alichojaliwa, wenye shida wakakopeshwa, na kila Desemba fedha ziligawanywa pamoja na faida yake. Mgawo wa mwaka huo ulipangwa kufanyika tarehe 13 Desemba. Kila mama alikuwa amekwisha kuipa fedha yake jina: huyu karo, yule godoro, mwingine nauli ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake.

Fedha zenyewe zilikuwa salama, katika sanduku la chuma lenye makufuli matatu ambayo funguo zake walishika watu watatu. Lakini fedha bila hesabu ni ugomvi uliofungiwa sandukuni. Na hesabu yote, tangu mwezi Juni, ilikuwa ndani ya kompyuta mpakato ya mweka hazina, ile ambayo watu huiita laptopu. Daftari la zamani alilifunga mwenyewe, kwa fahari kidogo, akasema kwamba zama za kalamu zimepita.

DALILI YA MVUA NI MAWINGU

Mawingu yalianza Novemba. Kwanza kompyuta ilichelewa kuamka. Aliweza kuiwasha, akachemsha chai, akainywa, akarudi na kuikuta bado inafikiri. Kisha faili zikawa zinafunguka leo, kesho zinakataa. Baadaye, usiku watoto wakiwa wamelala, alianza kusikia sauti ndani yake: tik, tik, tik, kama mtu agongaye mlango kwa ukucha. Nyumba za kambini zina kuta nyembamba, na mtoto akilia katika nyumba ya kwanza, walio katika nyumba ya sita hujua. Sauti hiyo, hata hivyo, aliisikia yeye peke yake, na hakumwambia mtu.

Tarehe 1 Desemba, siku ya Jumatatu, kompyuta ilisema yenyewe. Kabla haijafungua chochote iliandika onyo kwamba diski yake inakaribia kufa, na kwamba mwenye mali anakili mali yake mara moja.

Yafaa kueleza hapa diski hiyo ni kitu gani. Diski ngumu ya namna ya zamani ina sahani moja au zaidi zinazozunguka kwa kasi, katika laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika moja. Juu ya sahani huelea kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia, mfano wa sindano ya gramafoni, ila chenyewe hakigusi. Pengo lililo kati yake na sahani ni jembamba kuliko unywele mara maelfu. Diski ya kwanza ya jinsi hii ilitengenezwa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24, ikajaza nafasi ya kabati kubwa, na ikahifadhi herufi zipatazo milioni 5 tu. Ya leo hutoshea katika kiganja na kubeba zaidi ya hiyo mara laki nzima, lakini sharti lake halikubadilika: kichwa kisiguse sahani.

Kompyuta ya mweka hazina ilikuwa imevunjiwa sharti hilo mara nyingi. Betri yake ilikufa zamani, kwa hiyo kila umeme ulipokatika ilizimika ghafla. Tena, kabla betri haijafa, ilipata kubebwa kwenye boda boda, katika barabara ya mashimo, ikiwa bado inawaka.

SHAURI LA MJINI

Jumanne aliichukua akaenda nayo kwa fundi mmoja mjini. Fundi aliitazama kwa dakika mbili akasema, "Hii ni ya kupiga Windows upya. Tutafuta kila kitu, itakuwa mpya."

Mama akauliza, "Na programu yangu ya hesabu?"

"Utaiweka tena. Kisahani chake unacho?"

Hakuwa nacho. Programu hiyo iliwekwa na mradi mmoja wa kusaidia wanawake. Mradi ukaisha, na waliokuja nao wakaondoka na vifaa vyao. Bila programu hiyo mafaili ya hesabu yasingesomeka hata kama yangepona. Akaifunga kompyuta, akaaga, akarudi nyumbani kwa miguu ili apate muda wa kufikiri.

Shauri la fundi yule ni la kawaida, na mara nyingine ni sahihi, mfumo wa uendeshaji unapokuwa ndio ulioharibika. Lakini diski inayokufa haiponi kwa kufutwa. Kuweka mfumo mpya juu ya sahani zilizochoka ni sawa na kupaka rangi nyumba ambayo nguzo zake zimeliwa na mchwa. Dawa ni kuhamisha kila kitu, mfumo na programu na mafaili, kama kilivyo na mahali kilipo, hadi kwenye diski nyingine nzima. Kisha diski ile mpya ikaingia mahali pa ile mbovu, na kompyuta isijue kwamba imebadilishwa moyo.

KOPLO WA MAWASILIANO

Nyumba ya tatu aliishi koplo kijana wa idara ya mawasiliano. Jumatano jioni mama alimwita, akamwekea chai, akamweleza. Koplo hakugusa chai. Alisema neno moja: "Zima."

"Nizime?"

"Ndiyo, Mama. Kila dakika inapowaka hivi inakula maisha yake. Na mtu asikwambie uiendeshee programu ya kurekebisha diski. Hiyo huilazimisha kusoma na kuandika pale pale inapouma. Kwanza nakala, matengenezo baadaye."

Akamwuliza kama diski ile ilikuwa imefungwa kwa siri, maana kompyuta nyingine hufungwa hivyo, na mwenye kuhamisha diski ya namna hiyo lazima kwanza awe na ufunguo wake wa dharura. Haikuwa imefungwa. Kisha akaenda kwake, akarudi na flashi yenye mfumo wa Linux. Aliiwasha kompyuta kwa kutumia flashi hiyo, ili ile diski mgonjwa isifanye kazi ya kuamsha mfumo wake mzito. Jambo la kwanza alilojaribu ni kutoa mafaili ya chama. Yalitoka moja moja mpaka likafika faili kubwa la hesabu yenyewe. Hapo kompyuta ikaganda, na ile sauti ikaanza: tik, tik, tik.

Koplo akaizima. Wote wawili walikaa kimya kwa muda.

"Tutainakili nzima," akasema mwishowe. "Lakini nunua diski mpya. Isiwe ya sahani. Nunua SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka. Hii ya zamani ni gigabaiti 500. Usikubali iliyopungua hapo hata kidogo."

Alhamisi mama alipanda taksi ya alfajiri kwenda Kampala, akiwa na fedha alizoweka kwa ajili ya mbuzi wa sikukuu. Katika duka la kwanza walimwonyesha SSD ya gigabaiti 480, wakamwambia kuwa ni ile ile. Alikumbuka maneno ya koplo. Nakala ya neno kwa neno haiingii katika chombo kilicho kidogo kuliko chake cha kwanza, hata kama upungufu ni wa kijiko. Akaenda duka la pili, akapata ya gigabaiti 512, ya upana wa inchi 2.5 na mlango wa SATA kama ile ya zamani. Akanunua na kikasha cha kuichomeka kwa waya wa USB.

NAMBA ZISOMWE KWA SAUTI

Ijumaa jioni kazi ilianza. Katika tundu moja la USB aliweka flashi yenye mfumo, katika la pili diski mpya ndani ya kikasha chake, na katika la tatu flashi ndogo tupu ambayo kazi yake itaonekana baadaye.

Hapo koplo akafanya jambo lililomshangaza mama. Alimtaka asome kwa sauti namba ya kila diski kama ilivyoonekana kwenye kioo, pamoja na ukubwa wake, naye akailinganisha na namba iliyobandikwa kwenye diski yenyewe, kama bunduki zinavyokabidhiwa ghalani.

"Kwa nini yote haya?" akauliza.

"Kwa sababu, Mama, amri hii ina pande mbili tu: itokapo na iendapo. Ukizigeuza, mashine haitakuuliza. Itachukua utupu wa diski mpya na kuumwaga juu ya hesabu zenu zote, nawe utasubiri usiku kucha ukidhani unaokoa."

Programu waliyotumia huitwa ddrescue, nayo ni ya bure. Kunakili kwa kawaida kukikuta sehemu isiyosomeka hukwama hapo hapo. Programu hii hupita kwanza mahali penye afya, ikaruka pabovu, ikachukua upesi kila kinachochukulika kabla mgonjwa hajakata roho. Baadaye hurudi penye ubovu, ikajaribu kwa vipande vidogo vidogo, tena na tena. Na kila ilichofanya hukiandika katika faili liitwalo ramani. Ramani hiyo ndiyo iliyowekwa katika flashi ya tatu.

Diski nzima ya gigabaiti 500, ikisomwa kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, huchukua muda upatao saa moja na nusu. Diski mgonjwa haina ratiba. Koplo alikuwa na zamu ya lindo usiku huo, akaondoka. Mama akabaki mezani akitazama tarakimu zikipanda, na dirisha likiwa limefunguliwa ili mashine isipate joto.

Saa nane usiku umeme ulikatika.

Katika giza lile alisikia diski ikipunguza mwendo na kunyamaza. Alikaa palepale bila kuwasha hata taa ya simu. Yawezekana kwamba hapo ndipo alipofikiri sawasawa kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Hakuwa na kosa kwa kuwa diski imechoka. Kila diski huchoka. Kosa lake lilikuwa kwamba alisikia mgongano ule kwa muda wa mwezi mzima akanyamaza, kwa sababu aliona haya kuwaambia wenzake kwamba yule aliyelifunga daftari hakuwa na nakala hata moja.

Umeme ulirudi alfajiri. Koplo alitoka lindoni akaja moja kwa moja, buti zikiwa na umande. Alitoa amri ile ile, akaionyesha ile ramani, na programu ikaendelea pale ilipoishia, wala haikurudia mwanzo. "Ndiyo kazi ya flashi ya tatu," akasema, akaenda kulala.

CHINI YA MWEMBE

Saa tisa alasiri, siku ya Jumamosi, wanachama walikutana. Kompyuta ilikuwa bado mezani nyumbani, ikihangaika na vipande vya mwisho, na hakuna aliyejua kama faili la hesabu lilikuwa miongoni mwa vilivyookoka. Mweka hazina angeweza kusema kwamba anaumwa. Angeweza kusema kwamba umeme hakuna. Badala yake alisimama mbele yao na daftari la zamani mkononi.

Aliwaeleza yote, tangu sauti ya kwanza. Hakumlaumu fundi wala mradi. Alisema, "Nilifunga daftari hili kwa majivuno, na sikuweka nakala. Kompyuta huenda ikapona leo, huenda isipone. Naomba kila mmoja wetu aseme alichotoa na alichokopa tangu Juni, tuandike hapa sasa hivi, kabla hatujajua."

Kimya kikatanda. Mama mmoja wa pembeni alianza kunung'unika, na haki yake ilikuwa kunung'unika. Kisha mjane mmoja, mkubwa kuliko wote, ambaye mumewe alikuwa mwanajeshi pia, akavuta mkeka wake mbele akasema, "Mimi nitaanza. Andika." Wakafuatana mmoja mmoja mpaka jua likazama, wengine wakitoa vikaratasi walivyovitunza ndani ya Biblia au Kurani, wengine wakitegemea kumbukumbu tu.

MOYO MPYA

Aliporudi nyumbani programu ilikuwa imemaliza. Katika gigabaiti 500, kilichoshindikana kilikuwa kilobaiti 48.

Badiliko lenyewe lilikuwa jepesi kuliko lilivyotisha. Waliizima kompyuta kabisa, wakachomoa waya na kutoa betri, wakabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliosalia uishe. Koplo akagusa chuma kitupu kabla ya kugusa kingine, maana umeme wa mwilini, ule unaochomachoma katika nguo za nailoni, huweza kuua chombo. Skurubu ziliwekwa katika kifuniko cha chupa, na mtoto wa kwanza akapewa kazi ya kuchora kwenye karatasi kila moja ilitoka wapi. Diski ya zamani ilivutwa taratibu kutoka mlangoni mwake. Fremu yake ya chuma ikahamishiwa kwenye mpya. Ile mpya ilikuwa na unene wa milimita 7 na ya zamani 9.5, wakaongeza kipande cha plastiki kilichokuja nayo ili isichezecheze.

Diski ya zamani haikuunganishwa tena. Nakala ya namna hii ni pacha hata kwa alama yake ya siri, na mashine ikiwashwa na mapacha wote wawili huweza kuchanganyikiwa, isijue yupi ndiye mwenye nyumba.

Wakawasha. Katika muda usiotosha kumenya ndizi mbili, ikatokea picha ile ile ya watoto, neno la siri lile lile, na programu ya hesabu pale pale ilipokuwa. Kama isingeamka, koplo alikuwa tayari kutazama katika mipangilio ya ndani, kama imeambiwa kuanzia diski sahihi na kwa njia ile ile ya zamani. Haikuhitajika. Sasa, juu ya diski nzima, waliruhusu ile programu ya kurekebisha mafaili ifanye kazi yake. Jambo moja koplo alilionya: mfumo wenyewe ulikuwa Windows 10, ambao kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kuhamisha mfumo hakuufanyi uwe mpya. Kwa hiyo kompyuta hiyo ibaki ya hesabu, isizuruzure katika intaneti.

Faili la hesabu lilifunguka. Walipolinganisha na daftari lililoandikwa chini ya mwembe, wanachama 29 walikuwa wamesema sawasawa. Wawili walisahau fedha walizotoa, wakajidai kidogo kuliko haki yao. Mmoja alisahau mkopo, akalipa bila maneno. Mgawo ulifanyika siku yake.

Na zile kilobaiti 48? Zilipatikana baada ya siku kadhaa. Ilikuwa picha ya sajini, aliyoipiga ufukweni Mogadishu na kuileta alipokuja likizo. Kichwa chake, mabega na bahari nyuma yake vilikuwa wazi. Kutoka kiunoni kwenda chini ilikuwa kijivu kitupu. Mama aliitazama kwa muda mrefu. Kisha alimpigia mumewe simu akamwambia apige nyingine, safari hii kuanzia viatuni.

Diski mbovu haikutupwa jalalani, kwa kuwa diski ambayo mwenyewe hawezi kuisoma, mwingine huenda akaiweza, na ndani yake yamo majina na madeni ya watu. Ilitiwa katika bahasha yenye tarehe, iwekwe miezi mitatu hadi ionekane kwamba hakuna kilichosahauliwa, kisha ivunjwe kwa nyundo mbele ya mashahidi.

Sasa hesabu za chama zina nakala tatu: ndani ya kompyuta, katika flashi inayokaa na mwenye ufunguo wa pili, na katika daftari lile lile la zamani, ambalo mjane yule ndiye alilishika. Kila Jumamosi, kabla ya maombi ya kufunga, husimama akauliza, "Mweka hazina, nakala?" Naye hujibu, "Tayari, Mama." Akiba haiozi, lakini lazima awepo wa kuigeuza juani.